Umehamia SSD na kompyuta haiwaki? Usipige Windows upya

Mtu akishahamisha Windows na Ubuntu kwenye SSD mpya akakutana na skrini nyeusi, wazo la kwanza huwa ni kufomati. Tafadhali, subiri. Mara nyingi mafaili yote yamefika salama. Kilichokatika ni njia ya kuyafikia.

Kompyuta ya UEFI (programu ya kwenye bodi kuu inayoanzisha kompyuta za kisasa) haiendi moja kwa moja kwenye Windows. Inasoma kwanza orodha iliyohifadhiwa kwenye bodi kuu, na orodha hiyo inaitaja patisheni ya EFI, yaani sehemu ndogo ya diski yenye mafaili ya kuwashia mifumo, kwa namba yake ya utambulisho. Patisheni hii imefomatiwa kwa FAT32, mara nyingi ina MB 100 tu, na ukifungua Windows huioni. Ndiyo maana inasahaulika: watu hunakili C: peke yake. Diski ya zamani ikiwa bado imechomekwa, mambo yanakwenda; ichomoe, kompyuta inadai haina mfumo.

Anza na Windows. Washa kwa fleshi ya kusakinishia, bonyeza Shift na F10 ili lifunguke dirisha la amri, kisha tumia diskpart (programu ya kupanga diski) kuipa patisheni ya EFI ya diski mpya herufi S. Kama haipo, itengeneze kwanza. Hakikisha pia Windows yako imepewa herufi gani, maana humo ndani C: inaweza kuwa D:. Halafu andika:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Ubuntu ifuate baadaye, kwa sababu amri hiyo huitanguliza Windows na menyu ya GRUB, ile ya kuchagua Ubuntu au Windows, hupotea. Washa kwa fleshi ya Ubuntu, soma UUID mpya (namba za utambulisho za patisheni) kwa amri ya blkid, uzilinganishe na zilizo kwenye /etc/fstab ya Ubuntu yako, faili linaloorodhesha patisheni za kufunguliwa, urekebishe zilizobadilika. Ukiacha UUID ya zamani ya EFI humo, Ubuntu itaisubiri sekunde 90 kisha ikutupe kwenye hali ya dharura. Ukimaliza, ingia kwenye mfumo wako kwa chroot (amri inayokuwezesha kuufanyia kazi mfumo wa kwenye diski ukiwa kwenye fleshi), endesha grub-install na update-grub.

Waliotumia dd, amri ya Linux inayonakili diski nzima kama ilivyo, wana shida ya kinyume: diski zote mbili zina UUID zilezile, na mfumo unaweza kushika isiyo yenyewe. Hapa nasisitiza sana, chomoa ya zamani kabla ya kuwasha mara ya kwanza.

Ukiona INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE baada ya kutoka diski ya SATA kwenda ya NVMe (aina mbili tofauti za kuunganisha diski), huenda Windows haijapakia draiva ya diski mapema. Iwashe mara moja kwa Safe Mode (hali ya usalama ya Windows), kisha izime na kuiwasha kawaida.