Usafishaji wa kibayolojia wa majitaka ya visima vya mafuta ni nini?

Ukifika Swaswa hapa Dodoma utayaona mabwawa ya majitaka ya mji, maji yake ya kijani. Kazi pale inafanywa na jua, mwani na bakteria: mwani hutoa oksijeni, bakteria huitumia wakila uchafu. Huo ndio usafishaji wa kibayolojia, yaani kuwaachia viumbe hai wadogo kazi ya kuuvunja uchafu.

Kwenye mafuta ya petroli kanuni ni hiyo hiyo, ila uchafu ni mwingine. Kisima cha mafuta hakitoi mafuta matupu. Hupanda pia maji yaliyokaa ndani ya miamba tangu enzi na enzi. Kwa makadirio ya dunia nzima, mapipa kama 3 ya maji kwa kila pipa 1 la mafuta. Maji hayo yana chumvi, matone ya mafuta, kemikali za sumu kama benzini na fenoli, pengine na metali nzito.

Mafuta yanayoelea huenguliwa kwanza. Mwagia maji sufuria uliyokaangia kwa mafuta ya alizeti: yale yanayopanda juu utayaengua kwa kijiko. Tia sabuni ukoroge, maji yanageuka meupe kama maziwa, na kijiko hakisaidii tena. Mafuta yaliyojichanganya namna hiyo ndiyo wanayoachiwa bakteria, mfano jamii ya Pseudomonas. Hula kaboni iliyomo, kikabaki kaboni dayoksaidi, maji na tope la miili yao. Lakini lazima wapate hewa, pamoja na naitrojeni na fosforasi, maana mafuta peke yake kwao ni ugali bila mboga. Tena wawe wamezoea chumvi. Wale wa Swaswa wengi wangekufa humo.

Mfano ninaoupenda uko Nimr, jangwani Oman. Maji ya visima hushuka kwa mteremko kupitia mashamba ya matete, bakteria wakiwa kwenye mizizi na udongo, zaidi ya mita za ujazo 100,000 kwa siku. Mwisho huingia mabwawa ya kukaushwa na jua, chumvi ikabaki.

Hapo ndipo pa kushika sana. Bakteria hawali chumvi, na metali hazivunjiki. Sisi tunaochemsha maji ya visima vya chumvi tunaujua ule ukoko mweupe unaobaki kwenye sufuria. Mafuta yanatafutwa bonde la Eyasi-Wembere, ambalo sehemu yake iko Singida, nchi ya wafugaji na ya mvua chache. Yakipatikana, tukaambiwa maji yatasafishwa kwa bakteria, tufurahi, kisha tuulize: chumvi itapelekwa wapi? Itarudishwa na maji yake chini kwenye miamba kwa kisima maalumu, au itaachwa bwawani? Na bwawa hilo sakafu yake imezibwa kwa kitu gani, ng'ombe wanazuiwa na uzio gani?