Balehe ya mvulana: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ana miaka 13 na sauti bado ya kitoto, huyu ana kasoro." Maneno haya yamewanyima wavulana wengi usingizi, na hayana msingi. Balehe ya mvulana kwa kawaida huanza wakati wowote kati ya miaka 9 na 14. Wavulana wawili wa rika moja wanaweza kukaa dawati moja, mmoja ana sauti nzito na masharubu, mwingine angali na mwili wa mtoto, na wote wawili ni wazima. Tena dalili ya kwanza si sauti wala ndevu. Ni kukua kwa korodani, jambo ambalo wenzake hawalioni, hivyo anayechekwa kuwa hajaanza huenda alianza miezi mingi iliyopita. Kuchelewa nako mara nyingi hurithiwa: muulizeni baba au mjomba, yeye alirefuka lini. Pa kumwona daktari ni pale mvulana anapotimiza miaka 14 bila dalili hata moja, au dalili zinapojitokeza kabla ya miaka 9.

Wengine husema kijana akivimba kifuani anageuka msichana. Dhana hii naiona katili kuliko zote, kwa sababu humkuta mtoto akiwa peke yake na siri yake. Anaacha kuogelea, anakunja mabega, anavaa shati juu ya shati hata kwenye joto. Kumbe uvimbe ule mdogo mgumu chini ya chuchu, wa upande mmoja au pande zote mbili, unaouma ukiguswa, huwapata takriban nusu ya wavulana wanaobalehe. Mwili wa kila mvulana hutengeneza testosteroni, homoni ya kiume, na pia kiasi kidogo cha estrojeni, homoni ya kike. Katika miaka hii uwiano wa homoni hizo huyumba, na tishu za kifuani huitikia. Uvimbe huo haubadilishi uanaume wake hata chembe. Kwa wengi hutoweka wenyewe ndani ya miezi 6 hadi miaka 2. Usiukamue, usiubane kwa kitambaa, usiupake dawa za kubahatisha. Daktari auangalie ikiwa unazidi kukua, chuchu inatoa majimaji au damu, ulitokea kabla ya dalili nyingine za balehe, au kijana anatumia dawa fulani, maana zipo dawa zinazosababisha hali hiyo.

Korodani lazima zilingane? Hapana. Moja kuning'inia chini kuliko mwenzake, mara nyingi ya kushoto, ndiyo kawaida, na tofauti ndogo ya ukubwa haina neno. Kinachohitaji kupimwa ni uvimbe mpya au kitu kigumu ambacho hakikuwapo.

Kuhusu kimo, dada mdogo kumpita kaka yake si ishara kwamba kaka amedumaa. Wasichana huanza kurefuka kwa kasi takriban miaka 2 mapema. Zamu ya mvulana ikifika, nyayo na viganja hutangulia, miguu na mikono hufuata, kisha kiwiliwili. Ndiyo maana kwa muda huonekana kama viungo vyake havijapatana.

Chunusi nazo haziletwi na uchafu. Homoni huzidisha mafuta ya ngozi, vitundu vikaziba. Kusugua uso kwa nguvu huzichochea zaidi. Kunawa taratibu mara mbili kwa siku kunatosha. Na kunyoa hakuongezi ndevu: wembe huacha ncha butu, kwa hiyo unywele ukichomoza huonekana mnene.

Iko dhana moja ya hatari kweli: kwamba mwanamume huvumilia maumivu. Maumivu makali ya ghafla kwenye korodani yanaweza kuwa ni korodani iliyojisokota na kukata njia yake ya damu, na balehe ndiyo miaka ambayo jambo hili hutokea zaidi. Msokoto ukifunguliwa ndani ya takriban saa 6, kwa kawaida korodani huokolewa. Kila saa inayozidi hupunguza matumaini. Mvulana mwenye haya atasema tumbo tu. Akilalamika tumbo la chini limemshika ghafla na anatapika, muulize kwa upole kama na huko chini panauma. Akikubali, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.