Vidhibiti vya unukuzi na seli iliyo kwenye dhiki

Seli haisomi jeni zake zote kwa wakati mmoja. Jeni ikisomwa, maelezo yake hunakiliwa kutoka kwenye DNA na kuwa RNA, na RNA hiyo ndiyo hutumika kutengeneza protini. Kunakili huko ndiko unukuzi. Vidhibiti vya unukuzi ni protini zinazojishikiza kwenye vipande maalumu vya DNA na kuamua jeni ipi inukuliwe, ipi inyamaze. Binadamu ana aina zipatazo 1,600.

Dhiki kwa seli ni joto kali, upungufu wa oksijeni, sumu au DNA iliyokatika. Ajabu ni kwamba mara nyingi kidhibiti cha kuikabili hakisubiri shida ndipo kitengenezwe. Kimo tayari ndani ya seli, ila kimezuiwa.

Chukua kidhibiti kiitwacho HSF1. Seli ikiwa salama, HSF1 hushikiliwa na protini walezi kama HSP70, ambazo kazi yao ni kuzisaidia protini nyingine zijikunje sawasawa. Joto likizidi, protini nyingi hupoteza umbo na walezi huenda kuzihudumia. HSF1 ikishaachiwa, huungana tatutatu, hujishikiza kwenye DNA na kuwasha jeni za kutengeneza walezi zaidi. Walezi wakitosha, huirudia HSF1 na kuizuia tena. Kwa hiyo uharibifu wenyewe ndio unaoita msaada, na msaada ukifika, wito hukoma. Mwaka 1962 mwanasayansi Ferruccio Ritossa alieleza jinsi sehemu fulani za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba DNA, katika tezi za mate za inzi wa matunda zilivyovimba baada ya kupata joto. Pale palikuwa na jeni zinazonukuliwa kwa kasi.

HIF, kidhibiti cha kukabili upungufu wa oksijeni, huzuiwa kwa njia nyingine. Sehemu yake moja hutengenezwa muda wote, lakini oksijeni ikiwepo hutiwa alama na kuharibiwa baada ya dakika chache. Oksijeni hiyohiyo ndiyo inayotumika kuweka alama, hivyo ikipungua, HIF husalia na kuwasha jeni za kuongeza chembe nyekundu za damu na kuotesha mishipa mipya. Ugunduzi huo uliwapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

p53, kidhibiti kingine, nayo huharibiwa mfululizo mpaka DNA idhurike. Hapo hujaa, ikaisimamisha seli isigawanyike ili DNA ikarabatiwe, au ikaiua kabisa madhara yakizidi. Katika takriban nusu ya saratani za binadamu, jeni ya p53 imeharibika, na seli zenye kasoro huendelea kugawanyika.