Si feni iliyomletea mtoto nimonia

Mtoto akilazwa kwa nimonia hapa Dar, kila shangazi ana mtuhumiwa wake: feni, sakafu ya baridi, kuogeshwa jioni. Feni haina kosa. Nimonia huletwa na vimelea, na kwa wadogo wanaolazwa mara nyingi ni virusi. Utafiti wa nchi saba, Kenya ikiwemo, uliochapishwa 2019, uliangalia watoto wa chini ya miaka mitano wasio na VVU waliolazwa kwa nimonia kali: takriban 61 kati ya kila 100 ilitokana na virusi, na virusi vya njia ya hewa viitwavyo RSV pekee 31.

Kwa mtu mzima mwenye afya, RSV kwa kawaida ni mafua tu. Anafuta pua kwa kiganja, anambeba mtoto, anamwambukiza. Njia za hewa za kichanga ni nyembamba mno. Zikivimba na kujaa kamasi, kifua hubonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi. Hapo ni hospitali, si duka la dawa, maana amoksilini haiui virusi. (Daktari akiiandika, mmalizie mtoto dozi, bakteria nao wapo, na kwa macho ni vigumu kutofautisha nimonia yao na ya virusi.) Mtoto mwenye nimonia ya virusi huhitaji hasa oksijeni, akipungukiwa, na maziwa ya mama.