Mto haufidiwi kwa miche

Ripoti nyingi za tathmini ya athari kwa mazingira ninazopitia zina ahadi moja: bwawa litazamisha msitu, nasi tutapanda miti mara mbili ya eneo hilo kwingineko. Hesabu inakaa sawa. Tatizo ni kwamba bwawa la maji ya kunywa linachukua pia mto.

Maji yakituama nyuma ya tuta, mchanga na tope huzama. Yanayotoka upande wa pili hayana mashapo, hivyo hula kingo na kuchimba sakafu ya mto. Yakitolewa kwenye kina kirefu huwa baridi na yenye oksijeni kidogo. Mikunga, samaki warefu kama nyoka wanaopanda kutoka baharini, hukutana na ukuta. Hayo hutibiwa kwenye michoro ya mhandisi: mnara wa kuchotea maji wenye milango ya vina tofauti, njia ya samaki, na kiasi cha maji kinachoachiwa mto, kikipanda na kushuka kwa kufuata msimu. Kwenye kiasi hicho ndipo mabishano huwa makali, kwa sababu maji ya bwawa la umeme hatimaye hurudi mtoni, ila haya ya kunywa huondoka na bomba.

Utaratibu unaokubalika ni kuepuka madhara kwanza, kisha kuyapunguza, kisha kurejesha kilichoharibika. Fidia ni ya masalio, yaani madhara yanayobaki baada ya hatua hizo. Wengi huanzia hapo.

Na kuna visivyofidika. Kihansi, Tanzania, ni mradi wa umeme, lakini mfano wake unatosha. Maji yalipogeuzwa, korongo lilikosa rasharasha ya maporomoko. Chura wa Kihansi, asiyepatikana penginepo duniani, akaandamwa pia na ugonjwa wa kuvu, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Aliponea kwa wale wapatao 500 waliopelekwa Marekani mwaka 2000. Kurudishwa kulianza 2012, chini ya mabomba ya kunyunyizia maji.

Kwa masalio, mimi hudai fidia ya mtoni: kubomoa kizuizi kikuukuu kwenye kijito jirani, au kurudisha uoto wa kingo za mto upande wa juu wa bwawa, maji yanakotoka, ambao pia huzuia tope lisijaze bwawa lenyewe. Kulinda msitu ambao tayari ni hifadhi sihesabu kuwa fidia. Kazi ianze kabla bwawa halijajazwa, na gharama ya kuitunza iingizwe kwenye bei ya maji kwa muda wote bwawa litakapotumika, kwa kuwa bajeti ya ujenzi hufungwa mkandarasi akikabidhi kazi.