Je, wajua kwa nini Mji wa Zanzibar hujiandaa kwa maafa kwa kuhesabu watu?

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Ilikuwa imeruhusiwa kuchukua abiria wapatao 600. Kulipokucha, waokoaji, wakiwemo wavuvi waliotoka na vyombo vyao wenyewe, walikuwa wakiopoa watu baharini bila ya mtu yeyote aliye nchi kavu kuweza kuwaambia wamebaki wangapi, kwa sababu orodha kamili ya abiria haikuwapo. Taarifa za mwanzo zilitaja mamia. Uchunguzi wa baadaye ulieleza kwamba waliopanda walizidi 2,000. Katika viwanja vya Maisara, ambako miili ilipelekwa kutambuliwa, kila familia ilifika na hesabu yake.

Tunapozungumzia maandalizi ya maafa, wengi wetu huona gari jekundu la zimamoto, boti za KMKM (Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo) na vitanda vya hospitali ya Mnazi Mmoja. Vyote hivyo ni vya lazima, lakini mwokoaji hawezi kujua lini amemaliza kazi yake ikiwa hajui alikuwa akiwatafuta watu wangapi, na hilo halijulikani baada ya msiba kutokea. Hujulikana kabla, kwa karatasi na kalamu. Ndiyo maana jina na kitambulisho anavyoulizwa abiria anapokata tiketi ya boti, jambo ambalo wengine hulilalamikia kuwa ni usumbufu, ni sehemu ya uokozi wenyewe.

Kwa upande wa nchi kavu, Sheria Namba 1 ya mwaka 2015 iliunda Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa ya Zanzibar, na kazi yake inashuka ngazi kwa ngazi kupitia kamati za mikoa na wilaya mpaka kwenye shehia, yaani eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha. Kwa maoni yangu, ngazi hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote. Sheha ndiye anayeandika barua za wakaazi, ndiye anayejua kwamba nyumba ile ya bati nyuma ya msikiti ina bibi asiyeweza kutembea, na kwamba chumba cha uani kimepangishwa kwa mama mwenye watoto wanne. Maji yakiingia saa nane ya usiku, ujuzi huo unafika haraka kuliko agizo lolote kutoka ofisini.

Na maji huingia. Eneo la Ng'ambo lina mabonde ambayo mvua za masika huyajaza upesi. Sebleni na Mwanakwerekwe ni majina yanayojulikana na kila mtu kwa madimbwi yake. Zamani Ng'ambo ilitengwa na Mji Mkongwe kwa mkono wa bahari uliokuwa ukipita Darajani, ambao ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na jina la daraja likabaki bila ya maji ya kuvuka. Mitaro mikubwa iliyojengwa chini ya mradi wa huduma za miji imesaidia, ingawa mtaro uliojaa chupa za plastiki si mtaro tena. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar zilianza kupiga picha za visiwa kutoka angani kwa kutumia droni. Picha za namna hiyo zikilinganishwa na miinuko ya ardhi, huonesha ni mapaa mangapi yamekaa bondeni. Hata hivyo, paa halisemi chini yake wanalala wangapi, kwa hiyo tunarudi tena kwa sheha.

Mji Mkongwe una shida ya aina nyengine. Vichochoro vyake vingi havipitishi gari la zimamoto, na mpira wa maji hulazimika kuvutwa kutoka barabara iliyo karibu. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hazishiki moto, lakini dari na sakafu zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti zikiungua au zikioza ukuta hupoteza kinachoushikilia. Sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, jengo lilikuwa katika matengenezo na watu wawili walipoteza maisha. Katika tukio kama hilo swali la kwanza ni moja tu: nani yumo ndani?

Wakati mwengine hesabu bora ni sifuri. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikikaribia kisiwa cha Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa. Abiria anayekasirika gatini hahitaji kutafutwa baharini.

Daftari nalo lina upungufu wake. Mtoto wa miezi mitatu aliyebebwa mgongoni hupita bila ya tiketi, na mpangaji aliyehamia juzi mtaa wa Kwamtipura huenda bado hajafika kwa sheha. Akifika leo asubuhi na kutaja majina ya waliolala nyumbani kwake, kazi hiyo haimchukui hata dakika kumi.