Vampire in the Garden: ugomvi wa watazamaji ni wa mgawo wa dakika, si wa urefu

Lalamiko linalojirudia kuhusu Vampire in the Garden, tamthilia ya katuni ya Kijapani (anime), ni kwamba ni fupi mno. Walioipenda wanalitamka kwa masikitiko, wasioipenda kwa hasira. Ni sehemu 5 tu, kila moja karibu nusu saa, na Netflix walizitoa zote kwa mkupuo tarehe 16 Mei 2022. Jumla yake ni saa mbili na ushee.

Hapo kwenye "fupi" ndipo ninapotofautiana nao. Saa mbili zinatosha kabisa kusimulia safari ya watu wawili. Kasoro iko kwenye mgawo wa dakika. Ukishauona mgawo huo, hutashangaa tena kwamba mtu mmoja anamaliza huku anafuta machozi na jirani yake anapiga miayo.

Kwa ambaye hajaitazama, nadokeza bila kumwaga mchuzi. Binadamu wameshindwa vita na vampaya, na waliosalia wamejibanza katika mji wa baridi unaolindwa na ukuta wa mwanga. Humo muziki umepigwa marufuku. Momo, binti wa kamanda Nobara, anasukumwa kwenye uaskari asioutaka. Upande wa pili yuko Fine, malkia wa vampaya aliyechoshwa na vita. Wanakutana, wanatoroka, wanatafuta mahali ambapo jamii hizi mbili zinaishi pamoja, ndiyo hiyo bustani ya kwenye jina. Kubo anawafukuza kwa niaba ya binadamu, Allegro kwa niaba ya vampaya.

Tazama majina, yanatoka kwenye lugha ya muziki. Aria ni wimbo wa sauti ya mtu mmoja, na ndilo jina la binadamu ambaye Fine alimpenda zamani. Allegro ni mwendo wa haraka. Fine, ambalo sisi tunalisoma sawasawa, fi-ne, kama lilivyoandikwa, ni alama ya kwenye nota inayoonyesha muziki unapokoma. Siongezi neno.

Tena, anayesikia "mnyonya damu" akakumbuka mumiani wa hadithi za pwani afute picha hiyo. Mumiani ni mtu kama wewe anayechukua damu ya wenzake kwa biashara. Hawa wa Fine ni jamii nzima, wana miji yao, hawavumilii jua, na wao pia wana wafu wa kuwalilia.

Sasa turudi kwenye dakika. Sehemu ya 1 imebebeshwa mzigo wa punda wawili: mji, jeshi, marufuku ya muziki, ugomvi wa Momo na mama yake, uzito wa moyoni mwa Fine, kisha wawili hao wakutane. Inaubeba, lakini kwa kukimbia. Sehemu ya 2 ndiyo inayotakiwa kujenga kuaminiana, na inafanya hivyo kwa vipande vifupi vifupi: chakula, mchezo, wimbo. Wanaosema "wamependana haraka mno" wana haki, na kosa liko hapa, halipo kwenye mwisho. Mwisho unavuna kilichopandwa sehemu ya 2. Kama mbegu haikukuingia, usitegemee mavuno.

Katikati ya safari kuna tatizo jingine. Wawili hao wanafika kwenye makazi ambayo kwa juu yanaonekana ni amani, binadamu na vampaya pamoja, kumbe amani hiyo ina bei iliyofichwa. Kwangu hilo ndilo wazo bora kuliko yote kwenye kazi hii, na ndilo lililonyimwa nafasi. Unaonyeshwa kidonda, unapewa dakika chache, safari inaendelea. Wanaouliza vita vilianzaje, au nani anatawala wapi, mimi siwaungi mkono sana, kwa sababu hadithi haikuahidi historia. Lakini makazi haya iliyaahidi yenyewe, kwa kuwa ndiyo yanayojibu swali la Momo: bustani ipo au haipo?

Sehemu ya lawama inatokana na matarajio. Studio iliyoitengeneza ni Wit Studio, waliotengeneza misimu mitatu ya kwanza ya Attack on Titan kati ya 2013 na 2019, anime ya vita ya binadamu waliojifungia nyuma ya kuta. Mtu anaona ukuta, binadamu waliozingirwa na adui mkubwa, akajitayarisha kwa vita. Mwongozaji Ryotaro Makihara hakuwa na haja hiyo. Mapigano yapo na yamechorwa vizuri, ila kila pigano linakatiza jambo ambalo wawili hao walikuwa wanalifanya, na hiyo ndiyo kazi yake.

Je, ni marafiki au ni wapenzi? Watazamaji hubishana mpaka kunakucha. Nadhani mabishano yanachochewa na maneno waliyonayo. Kiswahili kina "mwandani", mtu wa ndani yako, na neno hilo halikulazimishi kuchagua. Fine anambeba Momo na kivuli cha Aria kwa pamoja, na Momo anampokea Fine kama mtu wa kwanza aliyemruhusu kuimba. Anayetaka busu la kuthibitisha atabaki na kiu, na anayedai hakuna mapenzi kabisa aitazame upya sehemu ya 2.

Namna ya kuitazama pia hubadilisha maoni, tena kuliko watu wanavyokiri. Chagua sauti za Kijapani na maandishi chini. Megumi Han (Momo) na Yu Kobayashi (Fine) wanaigiza kwa pumzi na ukimya, na muziki wa Yoshihiro Ike unashika pale maneno yanapoachia. Ndiyo maana kazi hii haifai kabisa kwa mtindo wa filamu za kutafsiriwa, ambapo DJ anasimulia juu ya picha. Kwenye sinema ya ngumi DJ huongeza ladha. Hapa, wimbo ukifunikwa, umeondoa sababu ya watu hawa wawili kuwa pamoja.

Picha nayo ina mtego wake. Theluji inayoanguka na giza la usiku ni adui wa video iliyobanwa: chembe nyingi zinazotembea ovyo hula data, na zisipopewa data hugeuka mabaka. Netflix kwa kiwango cha chini hutumia takribani GB 0.3 kwa saa, cha kati GB 0.7, na cha juu hufika GB 3. Kwa sehemu zote 5 hiyo ni kama GB 0.7, 1.6 au zaidi ya 6. Kama bando ni la kubana, pakua ukiwa kwenye Wi-Fi, punguza taa chumbani, kisha ndipo uhukumu michoro. Anayesema "picha ina ukungu" mara nyingi anailaumu simu yake.

Gawa mara mbili: 1 na 2 usiku mmoja, 3 hadi 5 usiku unaofuata. Usichanganye 2 na 3 kwa pupa, kwa sababu mwendo unabadilika hapo na ukichoka utaona kila kijiji ni kilekile. Na ukimaliza sehemu ya 2 ukajikuta hujali kama wawili hawa watafika au hawatafika, zima. Tatu zilizobaki hazina hoja mpya ya kukushawishi.